Siku tatu juu ya ziwa: Mapumziko ya familia katika maji tuliyoyavuka tukikimbia

UKIMWULIZA mkazi wa Bujumbura ni lini aliingia ziwani kwa mara ya mwisho, huenda akakutajia ufukwe: Saga, Kibenga, au baa fulani alikokaa na mishikaki yake na chupa mbili akitazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Lakini huko ni kulitazama ziwa tu. Wanaoingia hasa ni wavuvi, wafanyabiashara wa Rumonge na, nyakati za shida, wakimbizi. Kuingia ziwani kwa siku kadhaa na watoto, kupika humo, kulala humo na kurudi bila kuwa umefuata chochote, ni jambo ambalo ukilitaja mjini kwetu watu wanakuuliza kama mambo ni salama nyumbani kwako.

Jambo hilo lilitufikisha majini Julai 2023, mdogo wangu alipokuja kututembelea kutoka Salt Lake City, katika jimbo la Utah nchini Marekani, pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Burundi tangu azaliwe. Mimi na yeye tulizaliwa upande wa Kongo, ambako wazazi wetu walikimbilia mwaka 1972. Mwaka 1996 vita ya huko ilipofika Uvira na Baraka, tukavuka ziwa kwenda Kigoma, na hatimaye tukafika kambi ya Mtabila wilayani Kasulu, ambako nilimalizia masomo na nikaanza kushika chaki. Wamarekani walipotangaza mwaka 2006 kwamba watawapokea baadhi ya wakimbizi wa 1972 waliokuwa wamehamahama mno, mdogo wangu aliondoka na kundi hilo. Mimi nilijiandikisha kurejea nyumbani, nikarudi mwaka 2008 pamoja na mama. Baba alikuwa ameshazikwa Kasulu.

Sasa watoto wa mdogo wangu, siku ya pili tu baada ya kufika, wakaniuliza swali. Walikuwa wamesimama barazani kwangu Kanyosha, ziwa likionekana chini lote. Yule binti mkubwa, mwenye miaka 14, akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya huko: "Baba mkubwa, boti zenu za kulala ziko wapi?"

Ilibidi baba yao anieleze. Agosti 2022 familia nne za Warundi wa Salt Lake City zilichangishana na kukodi nyumba inayoelea katika Lake Powell, ziwa lililoko mpakani mwa Utah na Arizona, katikati ya jangwa. Kwao ni safari ya gari ya zaidi ya saa sita. Kodi ya nyumba kama hiyo ni maelfu ya dola kwa juma, na ndiyo maana walichanga. Ina vyumba vya kulala, jiko la gesi, friji, choo na bafu, na juu ya paa kuna mtelezo ambao mtoto akiteleza anaangukia majini. Unaiendesha mwenyewe polepole kama trekta, mchana unatafuta kijikorongo chenye mchanga, unaingiza pua ya boti ufukweni, kisha wanaume wanashuka na koleo kufukia nanga mchangani, mbili kila upande. Hapo ndipo nyumbani kwenu hadi kesho.

Joto la huko, alisema shemeji yangu, halina mfano Bujumbura. Mchana linapita nyuzi 38, na hakuna mti. Ni mawe mekundu tupu, yamesimama wima kama kuta za ngome, na maji ya kijani katikati yake. Sharti kubwa waliloambiwa na mwenye boti halikuhusu kuzama, ni la jenereta: likiwa linanguruma mtu asiogelee nyuma ya boti, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, ambayo imewahi kuua watu katika ziwa hilo hilo, wakiwamo watoto.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na nakiri nilivutiwa kuliko watoto. Lake Powell ni ziwa la kutengenezwa. Mto Colorado ulichukua mamilioni ya miaka kukata mwamba wa mchanga hadi ukachimba makorongo yale. Mwaka 1956 Wamarekani wakaanza kujenga bwawa liitwalo Glen Canyon, Machi 1963 wakafunga milango, na maji yakapanda kwa miaka 17 kabla ya kujaa mwaka 1980. Likijaa lina urefu wa karibu kilomita 300, na kingo zake, kwa jinsi zinavyojipinda kwenye vijikorongo, ukizinyoosha zinapita kilomita 3,000. Yalizama humo makazi ya watu wa kale na michoro waliyoichora maweni. Wanavajo, ambao ardhi yao inapakana na ziwa, wana daraja la jiwe la asili pale, refu kwenda juu kama meta 88, ambalo kwao ni mahali patakatifu. Siku hizi watalii wanalifikia kwa boti.

Eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa la mapumziko ya taifa mnamo Oktoba 1972. Msomaji wa Burundi hahitaji kuambiwa sisi tulikuwa wapi Oktoba 1972.

Kwa hiyo swali la binti yule lilikuwa na haki yake. Sisi ziwa letu hatukulijenga. Ardhi ya upande huu wa Afrika ilipasuka, kipande cha katikati kikadidimia, maji yakajaa: urefu wa kilomita zipatazo 670, kina cha meta 1,470 mahali penye kina kirefu kabisa. Duniani ni ziwa Baikal la Urusi pekee linalolipita kwa kina. Ukingo wa Burundi peke yake ni zaidi ya kilomita 150, tena wenye milima inayoshuka hadi majini. Na hakuna hata nyumba moja inayoelea ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuikodi na wanawe.

Ukiuliza sababu utaambiwa umaskini, na ni kweli. Utaambiwa viboko na mamba, na hiyo nayo ni kweli. Jioni viboko hufika hadi fukwe za mjini, na mamba aliyepewa jina la Gustave amevuma hadi Ulaya. Lakini nadhani kuna jingine ambalo hatulisemi. Familia nyingi za mwambao huu, zikisikia neno "boti", zinakumbuka usiku. Mwaka 1972 watu walivuka usiku. Mwaka 1993 na miaka ya vita iliyofuata walivuka usiku. Mei 2015 walishuka kwa makumi ya maelfu hadi kijiji kidogo cha Kagunga, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Tanzania, ambako kipindupindu kiliwakuta wakisubiri meli kongwe ya Liemba iwapeleke Kigoma. Meli hiyo Wajerumani waliiunda mwaka 1913, wakaileta vipande vipande na kuiunganisha Kigoma. Imezamishwa, imeibuliwa, imebeba askari, mahindi na watalii, ila kwa watu wa kizazi changu inajulikana kwa kubeba wakimbizi.

Mama yangu alikuwa hajaingia kwenye chombo chochote cha majini tangu 1996. Hata ufukweni huwa anakaa akilipa ziwa mgongo.

Niliposema tukodi boti twende Rumonge na watoto, nilitegemea akatae. Alinyamaza siku nzima. Kesho yake aliuliza kama boti hiyo itapita karibu na Minago.

Tulipata boti ya mbao ya meta 14 hivi, ya mzee mmoja anayeshusha mawese kutoka Rumonge na kupandisha bidhaa za dukani. Ilisafishwa kwa sabuni na mchanga, ingawa harufu ya mawese haikutoka na haitatoka. Tulifunga turubai kuwa paa, tukatandika magodoro matano sakafuni juu ya mbao, tukaweka mbabula na gunia la makaa nyuma kwenye sanduku lenye mchanga, madumu ya maji ya kunywa, ndoo ya choo na pazia lake. Jaketi za kujiokolea zilikuwa nne; tukaazima nyingine tisa kwa jamaa wa michezo ya majini, kwa sababu shemeji yangu alisema bila jaketi kwa kila kichwa yeye hapandi, na alikuwa na haki. Petroli ndiyo iliyotutoa jasho. Mwaka ule ilikuwa ya foleni, na sisi tulihitaji zaidi ya lita 90. Tulitoa taarifa kwa wahusika wa bandari na wanajeshi wa majini, tukaambiwa tusitembee gizani, jambo ambalo hata nahodha hakuwa na nia nalo.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Julai upepo wa kusini ukiamka mchana unasukuma mawimbi moja kwa moja usoni mwa anayeshuka Rumonge, hivyo mwendo wa maana ni wa asubuhi. Mji ukabaki nyuma: maghala ya bandari, hoteli, minara ya simu, milima juu yake ikiwa na rangi ya vumbi la kiangazi. Tulipofika mkabala na Mugere niliwaonyesha watoto upande liliko lile jiwe lililochongwa tarehe 25 Novemba 1871, siku ambazo Livingstone na Stanley walipanda hadi huku kwa mtumbwi kutoka Ujiji kutafuta kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Kama ungetoka, ramani ya mto Nile ingechorwa upya. Kijana wa pili wa mdogo wangu akauliza kama wazee hao nao walilala kwenye boti. Nikamwambia walilala ufukweni, wakilinda moto, na kazi yote ya kasia walifanya watu ambao majina yao hayapo kwenye jiwe.

Upepo ulituwahi kabla ya saa sita. Nahodha akaegesha kwenye kijighuba chenye mawe, tukafunga kamba mbele kwenye mti na nyuma tukatupa nanga. Mawe ni bora kuliko mchanga wenye matete, alisema, kwa sababu mamba hapendi mahali anapoonekana. Hapo ndipo lilipotokea jambo la kuchekesha ambalo kwangu halikuwa la kuchekesha sana. Watoto wa Utah, waliokulia jangwani, waliruka majini kama samaki. Wanangu watatu, ambao wanaliona ziwa kila siku wanapoamka, walibaki wameshika ukingo wa boti. Hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Mimi mwenyewe sijui. Mabwawa ya kuogelea mjini ni ya hoteli na vilabu, na ziwani mzazi anakataza. Mchana ule wote binti wa miaka 14 aliwafundisha wenzake kuelea, akiwashika chini ya mgongo, na chini yao kwenye maji maangavu ungeweza kuona samaki wadogo wa mistari wakipita kati ya mawe. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Nimelifundisha jambo hilo kwa miaka mingi ubaoni.

Usiku tulikula mukeke wa kuchoma na ugali wa muhogo. Ilikuwa siku za giza, mwezi haujatoka, na wavuvi wa ndagala walikuwa wametoka kwa wingi. Zamani waliwasha karabai, leo wengi wana taa za betri na sola, nyeupe kuliko zile za zamani. Ukitazama kutoka ndani ya boti ni kama mji mwingine umejengwa mbele yako. Mdogo wangu akasema kule Powell usiku kuna nyota tu, na ukimya unaoziba masikio.

Kesho yake asubuhi tukafika Minago.

Mama alikuwa amekaa mbele kabisa tangu alfajiri, kanga kichwani, jaketi lake limefungwa hadi shingoni. Nahodha alipunguza moto bila kuambiwa. Mama akanyoosha mkono akaonyesha mlima, kisha mkunjo wa mlima, kisha mto mdogo unaoingia ziwani penye michikichi. Akasema: "Pale palikuwa na mti wa mwembe. Nyumba ilikuwa juu yake." Mwembe haupo. Zipo nyumba mbili za bati na shamba la michikichi.

Halafu akasema jambo ambalo mimi, mwanawe wa miaka zaidi ya 40, sikuwahi kulisikia. Alisema hajawahi kuliona shamba lao kutoka majini mchana. Usiku ule wa 1972 waliposukuma mtumbwi, yeye akiwa msichana aliyeolewa miezi michache tu, waliambiwa wainame wasitazame nyuma, na hata kama wangetazama kulikuwa na giza. Walipiga kasia usiku kucha kuelekea milima ya rasi ya Ubwari. Kule Kongo, kwa miaka 24, kila kukicha aliitazama milima ya Burundi ng'ambo ya maji, akijaribu kukisia kwetu ni mkunjo upi. Alikuwa akikisia vibaya, alisema. Alidhani ni kusini zaidi.

Tuliporejea mwaka 2008 shamba lile lilikuwa na wenyewe wengine, ambao nao walipewa na waliowatangulia. Habari kama hiyo ni ya maelfu ya waliorejea katika ukanda wa Rumonge, sitairefusha. Tulisuluhishwa, tukapewa kipande, tukakiuza, tukajenga Kanyosha. Mama hakulalamika na hakuwahi kurudi. Sasa wajukuu sita walikuwa wamejipanga nyuma yake. Yule mdogo kabisa wa mdogo wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kubabaisha, akamwuliza: "Bibi, mlilala kwenye boti kama sisi?" Mama akacheka. Alisema hapana mjukuu wangu, hatukulala.

Akaomba tushuke. Hatukuwa na mpango huo, lakini tulishuka, akachota maji ya ule mto mdogo kwa kiganja akanawa uso. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika ndagala mchangani alitusalimia, akatuuliza tunatoka wapi. Mama akamjibu kwa Kirundi kwamba anatoka hapa. Wakaongea kitambo. Sikusogea kusikiliza.

Usiku wa pili tulilala Resha, penye mchanga mweupe na wageni wa wikendi, na hapo watoto walipata soda baridi na wakasahau mengine yote. Siku ya tatu tukaingia Rumonge kabla ya jua kuwa kali, sokoni wanawake wakiwa wameshapanga madumu ya mawese mekundu.

Jambo la mwisho la kulinganisha maziwa haya mawili. Mdogo wangu aliponionyesha picha za Powell, kuta nyekundu zilikuwa na mkanda mweupe mpana chini yake, kama alama inayobaki kwenye beseni. Ndipo maji yalipokuwa zamani. Ukame wa zaidi ya miaka 20 na mashamba na miji inayonyonya mto Colorado vimelishusha ziwa lile. Mwanzoni mwa 2023 lilifika chini kuliko wakati wowote tangu lilipojaa, zaidi ya meta 50 chini ya ujazo wake. Vijia vya kushushia boti vilikuwa vinaishia hewani, na michoro iliyozama ilianza kuonekana tena. Kwetu ni kinyume. Aprili 2020 Mto Rusizi ulivamia Gatumba na kuondoa maelfu ya watu majumbani, kisha ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 likaingia tena kwenye fukwe, nyumba na sehemu za bandari ya Bujumbura. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga pale Kalemie, na maji yake mengi hupungua kwa kupaa na jua. Mvua ikizidi huku juu, hayana pa kwenda haraka. Kile kijighuba chetu cha mawe nilikipitia kwa barabara mwaka 2024, na mti tuliofungia kamba ulikuwa umesimama ndani ya maji.

Kwa anayetaka kujaribu: gharama kubwa ni mafuta, na tangu 2023 upatikanaji wake umekuwa mgumu zaidi, kwa hiyo safari fupi ya usiku mmoja inatosha. Ondoka alfajiri, egesha kabla ya upepo, usiende Juni hadi Agosti kama watoto wako wanatapika kirahisi. Jaketi kwa kila mtu, bibi na nahodha wakiwamo. Matete yaepuke.

Tulikuwa tumepanga wote turudi Bujumbura kwa gari kutoka Rumonge, ili boti ipakie mawese na mzee arudishe gharama zake. Mama alikataa gari. Alirudi na boti, amekaa juu ya turubai lililofunika madumu, mdogo wangu pembeni yake, na walifika bandarini saa tisa alasiri siku iliyofuata, nguo zote zikiwa na madoa mekundu. Mkwe wake amezifua mara tatu.